Siku ya Mwisho ya Kujiandikisha

Juzi nilinunua sabuni ya mche Makadara, nikainusa pale pale dukani. Mamangu alinukia hivyo alipokaa eda ya babangu. Hakujifukiza udi wala hakuvaa asumini; alioga kwa sabuni hiyo tu.

Eda ikiwa bado haijaisha, nami ni mtoto, ilifika siku ya mwisho ya kujiandikisha kupiga kura. Makarani walikuwa shuleni, nyuma ya mtaa wetu, na shangazi alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, amenyoosha miguu.

"Mwenye eda hatoki, wifi. Wataka watu waseme nini?"

"Naenda mchana, narudi mchana. Nimemuuliza mwalimu wa madrasa, amesema yafaa. Nipishe."

"Kura itakupa nini?"

"Kaka yako akisema kura yake yatutosha sote. Sasa hayupo."

Shangazi hakukunja miguu. Mama akairuka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu, akanishika mkono tukatoka.

Kwenye foleni nilishikilia buibui la mama. Niliona kila dirisha linatutazama. Karani alikigeuzageuza kitambulisho cha mama mpaka nikaanza kulia, kisha akaandika, akampa kadi.

Tuliporudi, shangazi alikuwa pale pale. Nilijificha nyuma ya buibui la mama nikingoja matusi. Aliitazama kadi kwa muda mrefu.

"Wamefunga?"

"Bado."

Akainuka, akachukua kitambulisho chake, akajitupia buibui.

"Ingia ndani," akamwambia mama. "Na usitoke tena!"