Neno la Bwana Shauri

Juzi mjukuu wangu alinisomea neno la Kiingereza kwenye simu yake: petulant. Papo hapo nikasikia harufu ya mpunga uliopondwa.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, enzi za ukoloni, shambani kwetu Ifakara, nilikuwa juu ya dungu nikigonga debe kufukuza ndege. Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, akaja na karani wake. Njia ilikuwepo, lakini wakapita katikati ya mpunga wetu uliokaribia kuiva, viatu vikiulaza kwenye tope. Nikashuka mbio, nikiwalilia kwa hasira. Mzungu akanipa peremende. Nikaitupa. Akacheka, akasema neno lile.

"Bwana anasema unadeka," karani akaniambia.

"Samahani, bwana, ni mtoto tu," mama aliyekuja mbio nyuma yangu akasema, macho chini. Nikaamini mkosaji ni mimi. Leo najua mama aliogopa.

Ati nadeka! Yeye angekanyagiwa mpunga wake, ingeitwa hasira.

"Bibi, asili yake ni Kilatini," mjukuu akaendelea. "Wanasema limetokana na kumrukia mtu, kumshambulia."

Kumshambulia! Nami nilitupa peremende tu, hata haikumfikia.