Mahindi ya Shemeji

Hapa Heru Juu mnyama akiugua, watu hukimbilia uchawi. Kondoo wa jirani yangu mjane, Pelagia, walipoanza kujigonga kwenye nguzo za zizi kila giza likiingia, wakasema mjane karogwa. Ujinga mtupu!

Kondoo hao ndio waliowasomesha wanawe. Bati la nyumba lilitoka kwao, na sasa wanamlea mjukuu wake, Aline. Msimu huu kila jike lilizaa mwana dhaifu, akafa.

Pelagia akamwita Fidele, bwana mifugo. Akaja jioni, akaweka kinu katikati ya ua. Jike moja likakivaa kinu kichwa mbele.

"Wanakula nini, mama?"

"Mahindi anayoniletea shemeji, yale yaliyoota ukungu. Si ndivyo tunavyofanya? Masafi ya chungu, mabovu ya mifugo."

"Ukungu huo una sumu. Unaharibu ini, na ini ndilo ghala la vitamini A. Kiangazi hiki hakuna majani mabichi ya kuirudisha. Ikiisha, jioni macho hayaoni, na watoto wanazaliwa wanyonge."

Akawachoma sindano, akaagiza majani mabichi, akakataza mahindi yale kabisa.

Shemeji mwenyewe ni Ndayikeza, mdogo wa marehemu mume wa Pelagia, mshika funguo za ghala la kikundi chetu cha wakulima. Alishindwa kuziba tundu la bati, mahindi yetu yakanyeshewa masika, akaificha aibu yake matumboni mwa kondoo wa mjane. Na akashukuriwa! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikisimulia nachemka.

Asubuhi Pelagia alijitwika gunia lililobaki, akalimwaga mlangoni pa Ndayikeza. Sote tulitoka kutazama.

"Shemeji, umeniulia kondoo!"

"Makelele ya nini? Nilikupa mabaya kabisa, ya mifugo. Yenye nafuu tumeyasaga."

"Mmemsagia nani?"

Mkewe Rosa ndiye aliyejibu, macho chini: "Ni ya uji wa chekechea."

Yebaba we! Aline alikuwa huko chekechea. Pelagia akainama, akachota konzi ya mahindi, akamsogezea Ndayikeza mdomoni.

"Tafuna."

Akarudi nyuma. Hata kuyashika hakuthubutu. Kumbe alijua! Shetani yule alijua siku zote.

Pelagia alikimbia hadi chekechea, akalipindua sufuria zima la uji mbele ya watoto. Aline alilia njaa njia nzima, yuko mgongoni, anampiga bibi yake ngumi na kumwambia ana roho mbaya.