Majina ya Miti kwa Penseli

Likizo ya Juni nilimwazimia binti yangu kitabu cha miti kwenye kabati la shule ninayofundisha hapa Kasulu, nikamwambia sitaki kumwona akishinda ndani. Basi kila asubuhi akawa anafuatana na bibi jirani kutafuta kuni porini, kitabu kwapani. Yeye anamsomea bibi, bibi anamwonyesha mti wenyewe.

Wiki ya pili nikakifungua. Kila ukurasa una maandishi ya penseli! Hasira zikanipanda. Mwanafunzi akichorachora kitabu cha shule, mimi humfutisha mbele ya darasa zima. Nikachukua kifutio, nikatoka na kitabu hadi uani.

Nilimkuta binti yangu na bibi wakichambua maharage, nikamfunulia ukurasa.

“Mama, hayo ni majina ya miti kwa Kiha,” alisema. “Kitabuni hayamo. Bibi alinitajia, mimi nikaandika tu.”

Bibi, ambaye hajawahi kukaa darasani, alijifuta mikono kwenye kitenge, akaugusa ukurasa kwa kidole kimoja.

“Mwalimu,” aliniuliza, “kumbe na mimi nimo humu?”

Nikakificha kifutio mfukoni, nikaketi, nikamsomea miti yake yote.