Bega la Upande wa Bondeni

Sababu zilizotajwa kijijini za bondia wetu kupigwa kule Mwanza zilikuwa nyingi. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema alikunywa rubisi, pombe ya ndizi, usiku wa kuamkia pambano, na wapo waliosema kwamba watu wakubwa wa mwili huwa na moyo mdogo. Mimi nilikuwa kwenye kona yake nimeshika ndoo na taulo. Rubisi hakunywa, na moyo wake naujua.

Nilipangiwa kufundisha Rugu miaka michache baada ya vita, nikitokea Muleba, nikiwa sijawahi kuangalia ngumi hata mara moja. Bondia mwenyewe alinijia shuleni akainama kupita mlangoni, kama alivyoinama kwenye kila mlango wa wilaya ile, akaniuliza kama saa yangu ina mshale wa sekunde.

"Unao," nikasema.

"Basi Mwalimu, naomba uwe unanipimia dakika tatu. Nikijipimia mwenyewe najipunja."

Ngumi alifundishwa jeshini. Alijiunga mwaka wa vita, na katika kambi waliyowekwa kulikuwa na sajini mmoja aliyekuwa bondia. Alipoona kimo chake akamvalisha glavu. Vita vilipokwisha akarudi kwa mama yake, akaning'iniza gunia la makapi ya kahawa kwenye mkaratusi, akaendelea peke yake. Kila jioni baada ya kengele ya mwisho nilikwenda kusimama pale na saa yangu. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mwalimu wa ngumi bila kujua ngumi.

Katika ngumi za ridhaa pambano lilikuwa raundi tatu. Kwa uzito wake wapinzani walikuwa wachache, na baadhi yao walimtazama wakati wa kupima uzito, wakakumbuka shughuli nyumbani, wakapanda basi. Wale waliobaki aliwaangusha kwa mkono wa kulia. Alishinda Bukoba, akashinda mashindano ya kanda kule Mwanza, na raundi ya tatu hakuifikia zaidi ya mara mbili. Ndipo promota mmoja wa Mwanza alipotuita pembeni akasema anamtaka kwenye ngumi za kulipwa. Angempa pambano moja la raundi nane. Akishinda, angempeleka kambini Dar es Salaam, na kazi yake ingekuwa ngumi tu. Akishindwa, arudi kwenye migomba. Alisema hivyo hivyo, bila kuficha, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

Hapa lazima nieleze habari ya machela, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Gari la wagonjwa halikufika kwetu. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa tano kwa miguu, na mgonjwa alibebwa juu ya kitanda cha fito kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, watu wawili mbele na wawili nyuma. Pembe ikilia, kila kaya ilitoa mtu. Kaya isiyobeba haikubebwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na sikumjua aliyeivunja. Hata mimi mgeni nilibeba.

Milima ya kule ni ya kupanda na kushuka, tambarare hakuna. Mkishuka, walio mbele wako chini, kwa hiyo inafaa wawe warefu, mgonjwa asiteleze kwenda mbele. Mkipanda, warefu wanahamia nyuma. Sisi wengine tulipokezana kila baada ya mwendo mfupi. Yeye hakuwa na wa kupokezana naye. Mwenzake wa mti wa pili aliweka ngata nene ya majani ya migomba begani ili wafanane kimo, lakini akitoka yeye kitanda kililala upande na mgonjwa akapiga kelele. Basi alikuwa upande wa bondeni tangu nyumbani kwa mgonjwa hadi mlangoni pa hospitali, na uzito wote wa machela hukimbilia bondeni.

Siku moja aliniuliza ni bega gani atumie. Nilijibu kama mwalimu anavyojibu swali lenye jibu moja. Mkono uliokuwa unaangusha watu ulikuwa wa kulia.

"Bebea la kushoto," nikamwambia. "La kulia litunze."

Akashukuru, akalitunza kwa miaka.

Barua ya promota ilipofika, ikitaja siku ya pambano, nilikwenda kwenye kikao cha machela kumwombea ruhusa.

"Wazee wangu, shikamooni. Naomba ndugu yetu huyu apumzishwe miezi miwili. Ana pambano la raundi nane."

"Marahaba, Mwalimu," akasema mwenyekiti. "Raundi nane ni muda gani?"

"Dakika ishirini na nne, mbali na mapumziko."

Kikao kizima kikacheka. "Dakika ishirini na nne! Sisi saa tano tunabeba, na hakuna anayetupigia kengele tukae kitini!"

"Tena yeye atapigana na mtu mzima," akadakia mama mmoja. "Sisi tunapigana na mlima. Na wewe Mwalimu, ukiugua tukubebee kwenye ubao wako?"

Walipomaliza kucheka, mwenyekiti alisema apumzike, amebeba vya kutosha. Hakuna aliyepinga. Aliyesimama alikuwa bondia mwenyewe.

"Baba yangu alivuka mto kutoka Rwanda akiwa na jembe," akasema. "Alipougua mlimbeba ninyi. Alipokufa mkambeba kumrudisha. Nitapumzika kama mlivyosema, na ninashukuru."

Akakaa. Nilidhani jambo limekwisha.

Siku tisa kabla ya kusafiri tulikuwa kwenye mkaratusi, mchana wa Jumamosi, mvua imenyesha tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshika saa, amebakiza kama dakika moja, pembe ikalia kutoka juu mlimani. Alishusha mikono.

"Mwalimu, simamisha saa."

"Wamekupumzisha wenyewe," nikasema.

"Najua."

Alianza kufungua kamba za glavu kwa meno. Hakuna aliyetumwa kumwita. Mgonjwa alikuwa mke wa jirani, uchungu wa kuzaa siku ya pili, na njia yote ilikuwa utelezi. Ningeweza kumzuia? Nimejiuliza mara nyingi. Nilichofanya ni kumsaidia kuvua glavu, nikaenda naye, na nikaingia chini ya mti wa nyuma.

Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya mto, mwenzake wa mbele aliteleza akaanguka. Machela yote ilimshukia yeye begani. Hakuiachia. Alipiga goti moja kwenye matope, akakaa hivyo hadi tulipoingia wawili kumsaidia, kisha akainuka. Mama yule alijifungua salama, mtoto wa kiume, akakua. Kwa hiyo hata kujuta hatukuweza kujuta vizuri.

Bega lake la kushoto lilivimba. Mama yake bondia alilikanda kwa maji ya moto na majani kila siku, na uvimbe ukashuka. Niliandika barua kuomba pambano lisogezwe. Jibu lilikuwa simu iliyopokelewa posta kwa niaba yetu, maneno matatu: njooni au acheni.

Tulikwenda.

Raundi tatu za kwanza nilizopima Mwanza zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kumpimia. Mpinzani alikuwa mfupi, mnene, mwenye uvumilivu wa ng'ombe. Alipigwa mkono wa kulia mara mbili akapepesuka, lakini hakuanguka. Katika ngumi za ridhaa tungekuwa tumeshinda na kuvaa mashati. Ila kengele ililia tena, na ndipo nikaona kitu ambacho raundi tatu hazikuwahi kunionyesha. Mkono wa kulia huangusha mtu, ndiyo, lakini mkono wa kushoto ndio unaomweka mbali. Na wa kushoto ulikuwa unashuka. Raundi ya nne ulikuwa kidevuni, ya tano kifuani. Yule mfupi akagundua mlango uko wazi, akaanza kuingia bila kubisha.

Mwisho wa raundi ya tano nilipiga magoti mbele yake na maji.

"Inua mkono wa kushoto."

"Nimeuinua, Mwalimu."

Niliutazama. Ulikuwa umelala pajani.

"Uinue, kaka."

"Si nimeuinua?" akasema, na alinitazama kwa mshangao wa kweli.

Taulo lilikuwa shingoni kwangu. Safari nzima ya meli alinisihi nisilitupe ulingoni kukubali kushindwa, hata iweje, na nilikuwa nimemwahidi. Raundi ya sita haikumaliza dakika. Alipigwa upande wa kushoto, mara tano au sita mfululizo, amesimama, mwamuzi akaingia kati. Hakuanguka hata pale. Kutoka nyuma yangu mtu alipaza sauti, "Huyo ni wa raundi tatu! Mrudisheni shule!"

Kesho yake yeye alibaki kwa ndugu yake na uso umefura, mimi nikaenda kwa promota peke yangu. Nilimweleza kwa mpangilio, kama nilivyoeleza hapa: machela, upande wa bondeni, ushauri wangu, mvua. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Nimekuelewa, Mwalimu," akasema. "Sasa niambie. Nikimpa pambano jingine, kwenu wagonjwa watakuwa wamekwisha?"

Nikatikisa kichwa.

"Barabara je? Itakuwa imefika?"

"Haitakuwa imefika."

"Na yeye, pembe ikilia, atakaa?"

Niliaga nikaondoka. Kwa bondia nilisema nimeambiwa promota amesafiri. Ni uongo pekee niliomwambia, na aliupokea kwa furaha, kwa sababu mtu aliyesafiri hurudi.

"Basi tutamwandikia," akasema.

Tuliandika tuliporudi Rugu, darasani, baada ya wanafunzi kutawanyika. Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kifua, akanitajia sentensi moja moja na mimi nikaziweka kwenye karatasi kwa mwandiko wangu safi. Kwamba uzito wake ni uleule. Kwamba sasa anajipima raundi nane. Kwamba yuko tayari mwezi wowote watakaoutaka.

"Andika na kwamba bega limepona kabisa," akasema, akainua mkono wa kushoto ili nishuhudie ninachoandika.

Ulifika usawa wa sikio, ukagoma kupanda zaidi. Yeye alikuwa anatazama karatasi.

"Umeandika?"

"Naandika," nikasema, nikaandika.