Uraia wa Gauni

Mwaka 2017 nilikuwa nalipwa kunong'ona. Mashirika ya kimataifa yanayosimamia biashara yalipenda kuwaita wafanyabiashara wadogo wa Johannesburg kwenye semina, na wengi wa wadogo hao hawakuwa na Kiingereza cha kumfuata mtaalamu aliyeshuka jana kutoka Geneva. Basi mimi, mtu wa Tanga niliyepanga chumba mtaa wa Berea, nilikaa nyuma yao nikiwamiminia Kiswahili masikioni. Chakula kilikuwa kizuri, kiyoyozi kilifanya kazi, na kwa kuwa nilikuwa nimetafsiri neno ushuru mara nyingi kuliko nilivyokula embe, nilijiona bingwa wa biashara ya dunia.

Kwenye semina moja ya Marshalltown, katikati ya jiji, nilipangiwa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, fundi cherehani mwenye chumba cha kazi mtaa wa Doornfontein. Alikuja na gauni kwenye mfuko wa nailoni. Duka moja la Lusaka lilitaka magauni thelathini kama lile, kwa sharti yaje na cheti kwamba yametengenezwa ndani ya jumuiya ya nchi zetu za kusini, ili yasitozwe ushuru mpakani. Mama mwenyewe alikuwa na sababu kubwa zaidi. Lusaka alikuwako dada yake, ambaye hawajaonana tangu walipotawanywa na vita, na alikuwa ameshamwahidi kwa simu kwamba atayapeleka magauni kwa mkono wake.

"Usiwe na wasiwasi, mama," nilimwambia. "Umelishona Doornfontein, basi ni la Afrika Kusini. Hilo halihitaji mtaalamu."

Ulimi wangu huu! Ulipofika wakati wa maswali, mama alisimama akalikunjua gauni mbele ya ukumbi mzima.

"Ndugu, umuulize: hii robe iko ya inchi gani?"

Nikatafsiri kwa mbwembwe, robe yake ikawa gauni na inchi ikawa nchi. Mtaalamu akavaa miwani, akashika pindo. Kitambaa kilifumwa wapi? China. Basi akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Kukata na kushona hakutoshi, alisema. Kwa nguo, sheria inataka hata kitambaa kiwe kimefumwa ndani ya jumuiya. Kwa hiyo gauni lile halikuwa la hapa.

"Ile mikono nilishona siku mbili," mama aliniambia, "iko ya Mchina?"

Ukumbi ukachangamka. Afisa mmoja wa forodha akasema zipu haihesabiwi. Bibi mmoja wa shirika jingine akasema kuna msamaha kwenye kiambatisho fulani. Makabrasha yakafunguliwa, watu wazima wakabishania gauni mpaka chai ikapoa, nami nikatafsiri mbio mbio kwa raha ya mtu aliye kwenye mechi ya watani wa jadi. Mwishowe mtaalamu akasema dawa ni moja: atafute kitambaa kilichofumwa katika nchi za jumuiya.

Nilinuna kwa niaba ya mama, ila sheria yenyewe, kusema haki, nilikuja kuielewa. Bila hiyo, mtu angeagiza nguo kutoka ng'ambo, akabandika kifungo kimoja na kuiita yetu. Kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa na deni, nilizunguka naye mjini Jumamosi mbili mpaka tukapata kitambaa chenye karatasi zake, na mama akaanza upya.

Siku ya cheti tulikwenda pamoja ofisi ya forodha. Afisa alikagua karatasi za kitambaa, akalipapasa gauni, akagonga mhuri.

"Sharp, mama, safi kabisa," akasema. "Haya sasa yanapita mpaka Lusaka. Nani anayapeleka?"

Mama akatoa karatasi yake ya mwomba hifadhi, iliyokuwa imechakaa kwenye mikunjo. Afisa akaisoma, akamrudishia kwa mikono miwili. Karatasi ile ilimruhusu kuishi na kufanya kazi hapa. Haikumruhusu kutoka nchini na kurudi. Mama alilijua hilo. Ila alidhani cheti cha mzigo humbeba na mwenye mzigo, kwa sababu maisha yake yote mzigo ulikuwa ukisafiri na mwenyewe. Na mimi, bingwa, sikuwahi kumuuliza. Hata ukumbini, kwa maneno yote yale ya mipaka kufunguliwa, hakuna aliyemuuliza. Niliona aibu, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani, maana afisa yule alikuwa mpole.

Magauni tulimkabidhi dereva wa lori. Tulipokuwa tunarudi Doornfontein, dada yake akapiga simu, na mama akaiweka sauti kubwa kwa kuwa alikuwa amebeba mfuko.

"Unafika siku gani?" sauti ikauliza.

Mama akauhamishia mfuko mkono wa pili.

"Marobe itafika wiki ijayo," akasema.