Ukuta wa Chumba cha Mama

Watu walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na mwenyewe hakulikataa jina. Alikuwa mshonaji wa nguo za kike, ameachika, akiishi na mama yake mzazi katika nyumba ya chumba kimoja na ukumbi. Ukumbini alishona, chumbani walilala wawili, na vumbi la vitambaa liliingia kote. Mama alikuwa na pumu. Daktari alishasema bila kupepesa macho kwamba mama huyu asipopata chumba chenye hewa, hawafiki naye mbali.

Basi Sindano akaamua kuongeza chumba ubavuni mwa nyumba. Akamwita mwashi, wakakaa kibarazani wakapiga hesabu: tofali, saruji, mchanga, mabati, dari, plasta, sakafu laini, na dirisha kubwa linalotazama uani. Akiba yake ya miaka ya kushona ilitosha, kwa kubanabana.

Sasa, kulikuwa na wifi. Ndoa ilikufa, mume akaenda zake, lakini dada mtu alibaki palepale, nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Dirisha la sebule yake lilikuwa juu, likitazama ua wa Sindano, na hapo alikaa kutwa kuchunguza Sindano kaanika nini, kala nini, kaja nani. Hayo Sindano aliyameza. Lililomkaa kooni ni wifi kuwaambia wateja kwamba Sindano huwaibia vitambaa vyao. Uongo mtupu, wala hata aibu hakuona. Wateja wakahama mmoja mmoja, na sare za kwaya nzima zikaenda kwa mshonaji mwingine.

"Huu ukuta wa mpakani," Sindano alimwuliza mwashi, "ukipanda kidogo utaziba lile dirisha?"

Mwashi akainua macho. "Kidogo haufiki, dada. Nyumba yake imekaa juu. Uupandishe karibu mara mbili, na nguzo za nondo, usije ukamwangukia mama."

"Piga hesabu."

"Pesa itatoka wapi?"

Hapo ndipo Sindano alipojiharibia, na aliharibu kwa akili za kazi yake mwenyewe. Mshonaji akipungukiwa kitambaa hagusi mbele ya gauni. Hupunguza ndani, kwenye bitana na mapindo, mahali macho ya watu hayafiki. Sindano akakikata chumba cha mama yake vivyo hivyo. Dari ikaondoka, ikawa nondo. Sakafu ikaondoka, ikawa saruji ya nguzo. Plasta ya ndani ikaenda. Mwisho likaenda dirisha, na tundu lake likajazwa tofali ili wezi wasipite.

"Dada, chumba bila dirisha ni stoo," mwashi alisema.

"Dirisha tutaweka baadaye. Wewe jenga."

Ukuta ukapanda. Siku tofali za mwisho zilipoliziba dirisha la wifi, Sindano alitoa cherehani uani, akashona jua linawaka huku akiimba. Upande wa pili taa iliwashwa mchana kweupe. Roho yake ikasuuzika, tena ikasuuzika haswa. Jioni alikula akashiba kuliko siku zote.

Mama alipohamishiwa chumbani kwake alipapasa tofali tupu, unga wa saruji ukamshika mkononi. Akatazama huku na huku.

"Mwanangu, dirisha langu liko wapi?"

"Linakuja, mama."

"Na pesa yake ipo?"

Sindano akajifanya anatandika kitanda. Pesa haikuwepo, na wateja wa kuileta walikuwa ndio wale waliohama. Mama alilala humo akikohoa, siku ya pili akikohoa zaidi, na binti yake akajiambia kwamba ni ugeni wa mahali, atazoea. Hivyo ndivyo chuki inavyomfanya mtu mjinga.

Siku moja alitoka kununua nyuzi. Aliporudi alikuta kitanda kitupu na mfuko wa nguo za mama haupo. Mwashi alikuwa uani akikusanya mbao zake.

"Wifi yako alikuja kumchukua," alisema, akikwepa kumtazama. "Ana chumba cha nyuma, madirisha mawili. Mama hakuburutwa, dada, kaenda kwa miguu yake. Kasema anataka kupumua tu."

Sindano akasimama chini ya ukuta wake. Upande wa pili alisikia mama akicheka, kicheko kirefu kisichokatwa na kikohozi. Akanyoosha shingo amwone, akaona tofali. Alizilipia mwenyewe, moja moja.

Mama alikuwa amesahau dawa yake. Sindano akaichukua, akazunguka mtaa mzima hadi mlango wa mbele wa wifi, mlango ambao hakuukanyaga tangu aachike. Akabisha hodi. Wifi akafungua nusu, akaipokea dawa, akamtazama kuanzia miguuni hadi usoni.

"Naomba nimwone mama," Sindano alisema. Sauti haikuwa yake.

"Nani huyo?" mama akauliza kutoka ndani.

Wifi hakugeuka. "Mshonaji, mama," akajibu, taratibu kabisa. "Nimemwambia hatuna cha kushona."

Akafunga mlango.