Kabati Yangu Ilifika Beni

Muzee Mufaransa alikuwa fundi mukubwa wa meubles, makabati na meza, pale Butembo, na kiburi yake ilipita atelier, karakana yake, kwa ukubwa. Kazi alijifunza kwao angali kijana, akatengenezea matajiri makabati, kisha mapadri bakamuleta kwetu akazeekea pale. Aliunganisha mbao bila musumari hata moja. Chukudu, ile baisikeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo, hakutaka kuiona kwenye mulango wake. Alisema ile ni kuni zenye magurudumu.

Vita ilipokaribia, ndugu zake walimuita arudi Ufaransa. Alifunga valizi ya safari. Alibakiza kazi moja tu, kabati yangu ya arusi.

Mimi nilikuwa naolewa Beni. Na bashangazi ya bwana yangu balikuwa bameisha kusema mbele ya batu bote: bibi-arusi ataingia na kabati, ama angojee kwa baba yake. Balikuwa bakali, bale bamama. Sasa wiki ya arusi, askari bakaanza kunyanganya malori, wenye malori bakayaficha. Nililia mpaka macho ikavimba.

Baba akaleta mutu wa chukudu. Muzee akaiinamia ile chukudu, akaona misumari inatokeza, akasema hii itakwaruza kabati, akafunga mulango. Nikajua arusi imekufa. Kumbe ndani alikuwa anatengeneza chukudu yake mwenyewe, ya libuyu, mbao ileile ya kabati, bila musumari, akaipakaa nta mpaka ikangaa.

Nilitangulia Beni kwa pikipiki. Siku ya arusi, bashangazi bamejipanga mulangoni, nikaona chukudu ya muzee inateremuka: kabati imesimama juu yake, mutu wa chukudu anaongoza, na muzee nyuma anaishika, vumbi mpaka kwenye kope. Vigelegele vilijaa barabara yote.

Lakini kabati, nani aliitazama? Banaume bote balichuchumaa kupapasa chukudu. Muzee alikasirika, akafungua na kufunga milango ya kabati ili bamusikie. Wapi.

Shangazi mukubwa akanishika mukono, akaniingiza. Kisha akamugeukia muzee.

"Wasingya, asante, Papa. Kabati tumeiona, ni nzuri. Na hii chukudu, unaiuzisha?"

Muzee akafuta vumbi kwenye uso.

"Hii hapana. Nitakutengenezea ingine, nikifika nyumbani."

Na mukono wake ulionyesha barabara ya Butembo. Nilicheka, nikalia tena, na poda yote ya arusi ikaharibika.